Jina Lililoachwa Ubaoni

Mwalimu Anatole alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo mimi Émilienne, muuza ndakala, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Baraka, niliyemtukana mbele ya wanafunzi wake mpaka koo likanikauka. Anayetaka kujua kwa nini, akae nimweleze. Asiyetaka apite, soko halikosi maneno mengine.

Tulitoka kijiji kimoja, kule Ubwari. Vita ilipotuvusha ziwa mwaka wa tisini na sita, yeye alikuwa kijana wa ndevu mbili tatu, na mimi nilikuwa na binti yangu Nadège tumboni. Kambini, upande wa Kigoma, wenzake walijifunza kushona na kufyatua matofali. Yeye alijifunza Kiingereza, kwenye kitabu kisicho na jalada. Aliporudi Baraka alirudi na mke wake Georgette, godoro moja na hicho Kiingereza.

Alikuwa anafundisha alasiri, kwenye chumba cha mbao nyuma ya kanisa, kile ambacho kwaya inafanyia mazoezi Jumamosi. Ubao wake ulikuwa mbao tatu zilizopakwa unga mweusi wa betri za redio. Walikuja wote waliotafuta kazi kwenye mashirika: walinzi, madereva, wapishi. Nadège alikuja, akakaa mstari wa mbele. Hata mimi nilikuja, nikakaa nyuma na kusinzia, maana kuamka saa kumi za usiku kungojea samaki si mchezo.

Sasa huyu Anatole alikuwa na ugonjwa wake. Alipenda kitenzi kimoja. Si viwili, kimoja tu: "get". Alikuwa na kaye, daftari la kurasa mia mbili, na ndani hamna kitu kingine, ni get mwanzo mpaka mwisho, kila matumizi na namba yake.

"Mama Émilienne," alikuwa ananiambia, "ukikosa neno, chukua get. Kupata ni get. Kufika ni get. Kuamuka, kushuka mutumbwi, kupona, kuelewa, kuzeeka, kuoa, yote get."

"Basi bale Bazungu ni bavivu," nikamjibu. "Siye tuko na neno kwa kila kazi, na kazi tunafanya."

Alicheka mpaka akafuta macho. Alikuwa mwepesi wa kucheka, huyo mtu.

Kila namba kwenye kaye ilikuwa na sentensi moja, na kila sentensi ilikuwa na jina la mtu wa hapa, mtu aliye hai. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kufundisha. Alisema kitabu cha kambini kilijaa akina John na Mary, na nani kati yetu amewahi kumwona John akinunua majani ya sombe? Ukisikia jina la jirani yako ndani ya sentensi, alisema, hutaisahau. Na ni kweli. Mimi ambaye nimesahau Kiingereza chote, zile sentensi bado ninazo kichwani, na ninatamani zitoke.

Mwanzoni aliandika mambo yaliyokwisha kutokea. Nicolas amepata kazi ya ulinzi, anaandika "Nicolas gets a job". Lakini get haina mwisho, na watu wa Baraka hawakuwa wametenda yote ambayo get inaweza kutenda. Namba zikabaki wazi. Basi akaanza kubuni.

Aliandika kwamba Fanny, yule muuza mikate wa meza ya pembeni yangu, anapata mapacha. Fanny hata mimba hakuwa nayo. Mwaka uliofuata alizaa wawili. Tukapiga vigelegele, Fanny akampelekea mwalimu kuku. Kisha akaandika "Gad gets his cow back", yaani Gad anampata tena ng'ombe wake. Gad ni mfugaji kutoka milimani, na ng'ombe wake alikuwa ameibiwa miezi miwili nyuma. Siku ya soko yule ng'ombe alishuka peke yake, kamba iliyokatika inaning'inia shingoni, akasimama mlangoni kwa Gad akiitazama nyumba. Siku mbili hakula majani.

Watu wakaanza kuja wenyewe. "Mwalimu, nami niandikie." Walicheka, lakini walikuja.

Halafu ikawa zamu ya Patrice. Huyu aliendesha mtumbwi wa injini kati ya Baraka na Kazimia. Mwalimu alitafuta mfano wa kushuka chomboni, akaandika "Patrice gets off at Kazimia". Patrice anashuka Kazimia. Niambieni, ubaya uko wapi hapo? Alikuwa anashuka Kazimia kila wiki. Alhamisi ile alifika, akaruka mchangani, akawaambia abiria, "Niko nachoka kidogo," akakaa juu ya lundo la nyavu. Abiria walimpungia mkono wakaenda zao. Waliokuja kumwamsha jioni walimkuta amekufa, amekaa vile vile, macho wazi.

Tangu siku hiyo hakuna aliyecheka. Wanawake walikwenda kwa mwalimu kudai majina yao yatolewe kwenye kaye. Yeye alikasirika.

"Grammaire, sarufi tu, haiwezi kuua mutu!" akasema. "Patrice alikuwa na moyo mugonjwa, baba yake vilevile."

Labda. Mimi si daktari. Lakini Nadège alikuwa na mimba, na hiyo si mimba ya kawaida: miaka sita ya ndoa, mbili zilitoka kabla ya kukomaa, na hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa nane. Mume wake Guy anafanya kazi Nundu, kwa hiyo Nadège alikuwa anakaa kwangu ajifungulie hapo. Nilikuwa nalala na sikio moja wazi nimsikie akigeuka kitandani. Nikamwendea Anatole nyumbani kwake.

"Mutoto wangu usimuweke mule. Mupaka azale."

"Simuweki, dada."

"Apa."

Akaweka mkono juu ya kaye lake akaapa. Nikarudi nyumbani nimetulia.

Kuna jambo la kwetu Ubwari ambalo lazima mlijue, la sivyo mtaniona nimerukwa na akili. Kwetu, ukiita jina la mtu, unasema papo hapo unamwitia nini. "Émilienne, leta maji." "Émilienne, toka huku." Huwezi kusema "Émilienne" ukanyamaza. Jina likiitwa likaachwa hewani, basi aliyeita si mtu hai. Ni waliokufa ndio wanaoita hivyo, na wanakaa kimya kungojea uitike. Mtoto wa kwetu anajua hilo kabla ya kujua kuogelea. Anatole pia alilijua, mama yake ndiye aliyemfundisha.

Ikafika ile Jumanne. Nilikuwa nimesinzia nyuma ya darasa. Nikaamshwa na chaki inakwaruza, nikafumbua macho, nikaona ubaoni herufi kubwa, safi: "Nadège gets". Mkono wake ulikuwa bado juu, unaelekea neno la tatu.

Eh, Mungu wangu! Niliruka. "Muongo weye! Uliapa! Uliapa mbele yangu, mbwa weye, unataka kuniulia mutoto!" Na mengine, ambayo siyarudii kwa sababu kuna watoto hapa. Nadège akageuka, tumbo likagonga dawati. "Mama, nyamaza! Ni mimi nilimuomba! Nilimuomba sentensi ya muzuri!"

Anatole aligeuka polepole. Alitaka kunijibu. Upande mmoja wa mdomo ulifunguka, mwingine ukabaki umelala. Chaki ikamtoka. Kisha akaanguka, na kichwa chake kikapiga mguu wa benchi.

Hakufa. Hospitali walisema ni presha, mshipa wa kichwani, na kwamba upande wa kulia na sauti vitarudi kama Mungu akipenda. Nilikwenda kumwona siku ya tatu. Nilimshika mkono, nikamwomba msamaha, nikalia. Halafu nikamuuliza, kwa sababu ndicho kilichonipeleka, nisidanganye.

"Anatole. Ulitaka kuandika nini? Nadège gets nini?"

Akanitazama. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Koo lake likafanya kazi, likatoa sauti moja, "ge, ge, ge," ikarudi ndani. Georgette akanitoa nje.

Kwa hiyo jina la binti yangu lilibaki ubaoni, limeitwa, halijaambiwa linaitiwa nini. Na aliyelikata ni mimi.

Wiki ile ile Nadège alianza. Asubuhi alikuwa anaosha sahani uani, akasema, "Mama, niletee," akanyamaza.

"Nikuletee nini?"

Akanitazama kwa mshangao. "Nini? Sijasema kitu."

Kesho yake: "Guy ametuma habari kwamba," na kimya. Kila alipokatika hivyo aligeuza uso pembeni, upande wa mlango, kama anamwachia mtu mwingine amalizie. Nilianza kumalizia mimi, haraka haraka, lolote lililonijia: maji, chumvi, atakuja Jumapili! Nilikuwa naropoka kama mwenda wazimu ili tu pasiwe na kimya. Siku ya tano alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele, mchana kweupe, njia nzima haina mtu, akainua kichwa akasema kwa sauti tamu, "Niko hapa."

Hakuna aliyekuwa amemwita. Nikamvuta ndani, nikafunga mlango, tukakaa gizani na jua likiwa utosini.

Tarehe ya kujifungua ikafika, ikapita. Uchungu ulianza mara tatu, na mara tatu ulikatika katikati. Muuguzi alipima, akasema moyo wa mtoto unapiga, tungoje. Tungoje nini? Nadège alikuwa amekonda uso, tumbo tu ndilo limebaki.

Wanafunzi walikutana kwenye kile chumba. Kwaya ilikuwa imekataa kuingia, na hakuna aliyethubutu kugusa ubao. Tulisimama tunautazama.

"Tumalizie tu," Fanny akasema. "Tuandike mutoto. Nadège anapata mutoto."

"Na mama?" nikamuuliza. "Hiyo sentensi inasema mutoto anapatikana. Mama iko wapi mule ndani?"

Fanny akafunua ukurasa mwingine wa kaye.

"Tuandike anapona," Gad akasema.

"Anapona nini? Kwanza augue?"

"Anaamuka?"

"Amelala wapi?"

"Anafika nyumbani."

"Ametoka wapi, Gad? Wapi?"

Tulipitia kaye zima, namba kwa namba. Matumizi themanini na mawili ya kitenzi kimoja, na sikupata hata moja la kumpa mtoto wangu. Kila jema lilikuwa na shimo mbele yake: wa kupona lazima augue, wa kurudi lazima apotee, wa kutoka lazima awe ndani ya kitu. Na hata lile lisilo na shimo, tulimkumbuka Patrice, tukaliacha. Nilikichukia Kiingereza siku hiyo kwa moyo wangu wote.

Siku ya kumi na mbili tangu tarehe ipite nilikwenda peke yangu, na kitambaa na ndoo ya maji. Nilisema acha nifute, liwalo na liwe. Nilifuta kwa nguvu, ubao ukawa mweusi tititi. Nikasimama kupumua. Upepo wa ziwa ukapita kwenye mbao, ubao ukaanza kukauka, na jina likarudi. Kwanza N, kisha yote. Nitajibiwa kwamba chaki iliyofutwa kwa maji hurudi ikikauka, kila mwalimu anajua. Sawa. Nendeni mkasimame mule peke yenu, muone jina la mwanenu linavyojiandika lenyewe.

Nikachukua chaki. Juu ya Nadège nikaandika Émilienne, herufi kubwa, nikikandamiza mpaka vumbi likaniingia machoni, mpaka la chini lisionekane tena. Kitenzi nilikiacha kilipo. Sikuthubutu kumalizia, maana aliyeitwa lazima awe mtu mmoja, na nilitaka tu awe mimi.

Uchungu wa Nadège ulianza nikiwa njiani kurudi, na safari hii haukukatika. Jua lilikuwa bado halijazama tulipompokea mtoto, mvulana, analia kwa hasira. Nadège akasema, "Mama, nipe maji ya kunywa." Sentensi nzima, mpaka mwisho wake. Nilicheka, nikalia, nikamwaga nusu ya kikombe.

Furaha hiyo niliifaidi siku mbili. Ya tatu nilikuwa sokoni, mteja ameuliza bei, nikafungua mdomo nikasema, "Hizi ndakala ni," na kilichobaki hakikuwepo. Sikukisahau. Kilichukuliwa. Fanny aliniambia baadaye kwamba niligeuza uso pembeni, nikatabasamu. Ikaja tena, na tena. Halafu nikaanza kusikia. Nyuma ya bega la kushoto, karibu sana, mtu anavuta pumzi kama anayetaka kusema jina langu, halafu hasemi. Nilikuwa najiuma ulimi nisiitike. Niliogopa, jamani. Niliandika lile jina kwa ushujaa, lakini ushujaa wenyewe haukudumu wiki. Nilikuwa na mjukuu ambaye sikuwa nimemzoea hata harufu yake, na sikutaka kufa.

Ndipo Georgette alipomleta mwalimu darasani. Alikuwa anaanza kutembea, anaburuta mguu, na kila siku alikuwa anaonyesha kwa mkono wa kushoto upande wa kanisa. Nilikuwa mule ndani, maana nilikuwa nakwenda kila alasiri kuutazama ubao. Georgette akamketisha benchi la mbele akatoka kusalimiana na mama mmoja wa kwaya.

Anatole alisoma ubao. Akanitazama. Mtu wa Ubwari huhitaji kumweleza. Machozi yakamtoka jicho moja, lile zima.

Akainuka, akishikilia dawati. Akaonyesha kitambaa, kisha jina langu. Nikafuta. Sikuuliza, nilifuta upesi sana, kwa kitambaa kikavu. Akanyoosha mkono wa kushoto, nikampa chaki. Lakini mkono haukufika juu lilipokuwa jina, nguvu ziliishia kifuani.

Nikajua anataka kuandika nini. Msiseme kwamba sikujua.

Nikamshika kiwiko, nikakiinua.

A ilichukua muda mrefu. Kwenye N nilisema moyoni, mwachie. Kwenye A ya pili nilisema tena. Nje Georgette alikuwa anacheka na yule mama. T. O. Kiwiko chake kilikuwa chepesi, mfupa na ngozi, ningefungua vidole tu na mkono wake ungeanguka. L. E. Jina likakaa mbele ya kitenzi, zima, na ile pumzi nyuma ya bega langu ikaondoka. Niliisikia inaondoka. Na nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi kama siku ile ya mjukuu.

Georgette akaingia, akanikuta bado nimemshika kiwiko, akaona ubao, akapiga kelele. "Ameandika! Mwalimu ameandika jina lake! Njooni muone, anapona!" Akapiga vigelegele, akanikumbatia, tukazunguka naye chumba kizima. Anatole alikuwa ameketi, ananitazama mimi. Hakunitazama vibaya.

Siku tatu baadaye alikuwa uani kwake, Georgette anampa uji. Akageuza uso upande wa njia, akasema neno safi, la kwanza tangu aanguke: "Niko hapa." Georgette aliita majirani waje wasikie amepata sauti. Walipofika alikuwa amekwisha kufa.

Kwenye kilio watu walijaa mpaka barabarani. Ilipofika zamu ya mjane, Georgette alisimama, akanitafuta kwa macho katikati ya wale wote, akaniita mbele. Nilikwenda na mjukuu mgongoni.

"Huyu mama," akawaambia watu, "binadamu wote balisha kumukatia mume wangu tumaini. Ni yeye peke yake alimushika mukono, akamusaidia kuandika kwa mara ya mwisho. Dada, asante. Mungu akulipe."

Watu wote wakaitika amina. Georgette alikuwa ameshika kile kile kiganja changu kilichoinua kiwiko, na analia juu yake. Nikamwambia si kitu.